Mzee wa Majalada Anajibu: Mkali wa Jalada ni Nani?

Barua za mwezi huu zimekuja zimewaka. Toleo lililopita niliandika hapa kwamba mashujaa wa mchoraji Alex Ross kwenye majalada ya komiki wamesimama kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya pasipoti, basi wasomaji wakanishukia. Nitawajibu, subirini zamu yenu. Kwanza swali ambalo limeletwa na zaidi ya mmoja.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Majalada. Kila mwezi unamsifia huyu na yule, lakini hujawahi kutuambia wa kwako ni nani. Ukikabwa utaje mchoraji mmoja tu wa majalada ya komiki, utamtaja nani, na kwa nini? — *Kalamu Kavu*

JIBU: Marahaba. Ukinikaba, nitamtaja Mike Mignola, baba yake Hellboy, lile jitu jekundu lenye pembe zilizokatwa na mkono wa kulia wa jiwe. Hadithi yake ndefu ya kwanza, Seed of Destruction, ilitoka 1994, na tangu hapo sijaona mtu anayejua kuacha kuchora kama Mignola.

Nasema kuacha kwa makusudi. Chukua jalada lake ulisogeze karibu na macho. Mguu unaanzia kwenye mwanga, unafika gotini, kisha unazama kwenye weusi na hautoki tena. Hakuna mstari unaokuonyesha unapoishia, lakini wewe unauona wote, kwa sababu jicho limeumalizia lenyewe. Uso nao una vitu vitatu vinne: nyusi, pua, kidevu, basi. Nyuma yake utakuta sanamu ya mtakatifu iliyomeguka, au fuvu, au mnyororo, na nyuma ya hivyo vyote rangi moja iliyotulia, labda kijivu au kijani cha maji ya bwawa. Halafu katikati, ule wekundu. Huwezi kupita usiuone. Kwa miaka mingi rangi hizo zimekuwa kazi ya Dave Stewart, na wengi wanaomsifu Mignola humsahau mtia rangi wake. Toa kile kijani cha nyuma uweke buluu ya kung'aa, uone kama jitu litakutisha tena.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kupanga kurasa za magazeti, kwa hiyo jalada nalipima kwa swali la kazini: mtu anayepita na haraka zake atasimama? Msuli uliochorwa vizuri haumsimamishi mtu. Kinachomsimamisha ni jambo ambalo hajalielewa na anataka kulielewa sasa hivi.

Tazama Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, alikoanzia Superman. Joe Shuster hakuwa mchoraji fundi kuliko wote wa wakati wake. Lakini alimchora mtu aliyevaa joho akiwa ameinua gari la kijani na kulibamiza kwenye mwamba, na chini kushoto akaweka bwana mmoja anakimbia kutoka nje ya picha, mikono kichwani, mdomo wazi. Kwangu mimi jalada lile ni la huyo bwana. Mtu anayebeba gari unaweza kusema ni mchezo wa sarakasi. Uso wa yule anayekimbia ndio unaokuambia kwamba hakuna aliyewahi kuona kitu kama hiki, na kweli hakuna aliyewahi.

Wa pili wangu ni Carmine Infantino, hasa kwa The Flash namba 123 ya 1961. Katikati ya ukurasa kuna ukuta wa matofali. Upande huu anakuja Flash mmoja mbio, upande ule anakuja Flash mwingine, yule wa enzi ya zamani mwenye kofia ya chuma, na wote wawili wanamkimbilia mtu mmoja aliye hatarini. Kwa ule ukuta, hakuna anayemwona mwenzake. Wewe tu ndiye unayewaona wote wawili. Hiyo siri umepewa wewe peke yako, na utailipia ili ujue itaishaje. Haishangazi kwamba baadaye kampuni ya DC ilimkabidhi Infantino kazi ya kusanifu majalada yake: yeye anapanga mkao, wachoraji wengine wanamalizia.

Wengine nawapenda kwa sababu mbalimbali. Brian Bolland wa Uingereza ana mstari msafi kiasi kwamba unaweza kuhesabu meno ya Joker kwenye The Killing Joke ya 1988, pale alipokuelekezea kamera usoni kana kwamba wewe ndiye utakayeumia. Neal Adams aliyempa Batman mwili wa mwanariadha. Jim Steranko aliyechukua mbinu za mabango ya sanaa ya miaka ya sitini akamvisha jasusi Nick Fury. Nikiendelea hivi safu itaisha na barua zingine hazijafunguliwa.

SWALI: Mzee, mimi nahisi natapeliwa. Jalada limechorwa kama mchoro wa makumbusho, nafungua ndani nakuta mkono mwingine kabisa. Hii ni halali kweli? — *Msomaji Mwenye Hasira*

JIBU: Ni halali, na ni ya siku nyingi. Kuchora jalada na kuchora kurasa za ndani ni kazi mbili tofauti. Wa ndani anakimbizana na kurasa ishirini na kitu kila mwezi. Anatakiwa asimulie, mhusika afanane na yeye mwenyewe kila chumba cha ukurasa, na amalize kwa wakati. Wa jalada ana mchoro mmoja. Anaweza kukaa nao siku nzima akibishana na rangi ya anga.

Tena kuna wakati jalada ndilo lilitangulia. Mhariri Julius Schwartz wa DC alikuwa na kawaida ya kuanza na wazo la jalada, lichorwe, halafu mwandishi aitwe aambiwe: haya, tunga hadithi itakayotufikisha hapa. Ndiyo maana majalada ya miaka ya hamsini na sitini yana mambo ya ajabu namna ile. Waliposhtukia kwamba sokwe kwenye jalada anauza, kila mhariri akataka sokwe wake.

Kwa upande wa mikono kutofautiana, mfano bora ni The Sandman. Toka 1989 mpaka 1996 wachoraji wa ndani walipokezana, lakini majalada yote 75 ni ya Dave McKean. Huyu alikuwa anajenga: kwa toleo la kwanza alitengeneza rafu za kweli, akazipangia vitu vya kweli, akaweka mchoro katikati, akapiga picha. Na aliwashawishi wakubwa kwamba si lazima mhusika mkuu aonekane kwenye kila jalada, jambo ambalo wakati ule lilikuwa karibu na kufuru. Majalada yale ndiyo yaliyoifanya ile komiki ionekane kitu kimoja wakati ndani mikono inabadilika.

Mwingine ni James Jean kwenye Fables kuanzia 2002. Alipata tuzo ya Eisner ya mchoraji bora wa majalada miaka sita mfululizo, 2004 hadi 2009. Ndani kurasa nyingi ni za Mark Buckingham, ambaye ni msimuliaji mzuri sana kwa mstari wake mnyoofu, na sijawahi kusikia msomaji wa Fables akidai kurudishiwa pesa. Wewe hasira zako zihamishie kwa kampuni ambazo jina la mchoraji wa ndani huliandika kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

SWALI: Umemkosea heshima Alex Ross. Mtu anachora kwa brashi, uso unaona vinyweleo, nguo unaona mikunjo, halafu wewe unasema picha ya pasipoti! Tuombe radhi. — *Mtetezi wa Ross, na wenzangu watatu*

JIBU: Siombi, lakini nitajieleza.

Kazi ya Ross naijua na naiheshimu. Marvels ya 1994 na Kingdom Come ya 1996 ziliwafanya watu wazima wakae chini wasome mashujaa bila aibu. Anachora kwa guashi, ile rangi ya maji iliyo nzito, na huwaweka watu halisi mbele yake, akawavalisha, akawamulika taa, akawapiga picha, ndipo anachora. Yule mchungaji mzee Norman McCay wa Kingdom Come ana sura ya baba yake Ross, ambaye naye alikuwa mchungaji. Ndiyo maana Superman wake ana uzito wa mtu: shingo nene, tumbo la mwanamume wa makamo, nguo inayovutika kwapani. Hakuna aliyetuonyesha hivyo kabla yake kwa kiwango kile.

Ugomvi wangu uko kwenye jalada, na ni huu: akishamchora shujaa vizuri namna ile, mara nyingi anamwacha asimame. Kidevu juu, taa inatoka chini, macho kwenye upeo wa mbali. Ni picha ya kutundika ukutani, na ukutani inapendeza. Lakini hainiulizi kitu. Nikishaitazama nimemaliza.

Na msiniambie ni kwa sababu nachukia rangi ya brashi. Frank Frazetta alikuwa wa brashi tupu. Angalia majalada yake ya magazeti ya kutisha Creepy na Eerie ya miaka ya sitini: kundi la miili katikati limekazana kama mlima, pembeni kila kitu kinayeyuka kuwa ukungu, na huwezi kujua nani atabaki mzima. Bill Sienkiewicz naye alianza New Mutants mwaka 1984 na rangi yake inamwagika, inakwaruzwa, inabandikwa vipande. Dubu wa toleo la 18 anajaza ukurasa mpaka binti anayekabiliana naye anabaki kitu kidogo sana. Wote ni wa rangi, na wote wananifanya nifungue. Ross akinichorea jalada ambalo kuna mtu anakimbia na mikono kichwani, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

SWALI: Kuna kimuhuri kidogo cheupe kwenye kona ya komiki za zamani za Marekani. Ni stempu ya posta? — *Mkusanyaji Mpya*

JIBU: Ni muhuri wa kibali cha maadili, na nyuma yake kuna jalada moja. Mwaka 1954 Seneti ya Marekani ilifanya vikao kuchunguza komiki na uhalifu wa vijana. Mchapishaji William Gaines wa kampuni ya komiki ya EC akaja kutoa ushahidi, na Seneta Estes Kefauver akamwonyesha Crime SuspenStories namba 22, iliyochorwa na Johnny Craig: mtu ameshika shoka mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kichwa cha mwanamke kwa nywele. Akaulizwa kama hilo ni jambo la staha. Gaines akajibu kwamba kwa komiki ya kutisha, ndiyo. Lisilo na staha lingekuwa lile ambalo kichwa kimeinuliwa juu zaidi mpaka damu ya shingoni ionekane.

Jibu hilo lilimmaliza. Mwaka huohuo wachapishaji wakaunda chombo chao cha kujikagua, na kimuhuri kikaanza kugongwa. Kampuni kubwa za mwisho zilikiacha 2011. Craig mwenyewe alikuwa mchoraji nadhifu mno, mstari wake hauna papara hata kidogo, na nadhani ndiyo maana jalada lile liliwatisha: limechorwa kwa utulivu.

SWALI: Mzee wangu, katika hao wa zamani kulikuwa na mweusi hata mmoja? Na wanawake je? — *Binti wa Wino*

JIBU: Matt Baker, Mmarekani mweusi, 1921 hadi 1959. Alifariki kijana, moyo ulimsumbua. Kitabu cha Fredric Wertham, Seduction of the Innocent, kilichowasha moto wa mwaka 1954, kilichapisha jalada lake la Phantom Lady namba 17 la 1948 kama mfano wa uovu, na sifa yake ikabaki imekwama hapo. Ni dhuluma. Mtafute Baker kwenye majalada ya hadithi za mapenzi aliyoichorea kampuni ya St. John. Tazama mikono. Wachoraji wengi wa enzi ile walificha mikono ya wahusika nyuma ya kitu kwa sababu vidole ni vigumu. Baker anaiweka mbele: huyu anashika ukingo wa kiti, yule anakunja kola ya koti, na kwa mikono hiyo tu unajua nani anadanganya. Nguo zake nazo zina uzito na mshono. Wa siku hizi, mtazame Brian Stelfreeze, kuanzia Batman: Shadow of the Bat ya 1992 mpaka Black Panther ya 2016, anajua kujaza ukurasa kwa mwili mmoja uliokunjika.

Wanawake: Marie Severin, aliyefanya kila kazi kwenye kampuni ya Marvel, kutia rangi, kuchora, kusanifu majalada. Fiona Staples wa Kanada, ambaye toleo la kwanza la Saga mwaka 2012 alimweka mama mwenye mabawa ananyonyesha mtoto huku baba ameshika upanga, na nyuma yao akaacha patupu. Sana Takeda na Peach Momoko wa Japani, wote washindi wa Eisner ya majalada. Momoko anatumia rangi ya maji nyepesi, sura laini kama za watoto, halafu unaona kuna kitu kibaya kwenye macho.

SWALI: Najua kuchora uso, najua misuli, lakini jalada langu likikaa na mengine halionekani. Nimekosea wapi? — *Chipukizi*

JIBU: Mchoro wako uliouambatisha nimeuona. Una watu tisa, mlipuko, mji, mwezi na radi. Alex Schomburg aliweza kujaza umati namna hiyo kwenye majalada ya vita ya miaka ya arobaini, lakini Schomburg alikuwa na kipaji cha pekee cha kupanga mitambo na watu bila kuwakoroga, na hata yeye ukimtazama sana unachoka.

Punguza mchoro mpaka uwe wa ukubwa wa kidole gumba. Ndivyo msomaji wa leo atakavyouona kwenye simu. Kisha wajaze watu wote weusi tii, wabaki vivuli. Kama huwezi kujua nani ni nani na anafanya nini, mkao ni mbovu, na vinyweleo havitakuokoa. Badili mkao kwanza, rangi baadaye.

Halafu nembo, yaani jina la komiki. Umeichorea mahali pa kukaa, au unategemea mhariri ataibandika juu ya kichwa cha shujaa wako? Zamani komiki zilipangwa kwenye rafu zikifunikana, inayoonekana ni sehemu ya juu tu na kona ya kushoto. Ndiyo sababu Marvel wakaanza kuweka kisanduku chenye sura ya shujaa kwenye kona hiyo, wazo linalosemwa kuwa la Steve Ditko. Fundi hutumia kikwazo hicho kwa faida yake. Steranko, kwenye toleo maalumu la Hulk la 1968, aliigeuza nembo yenyewe kuwa mawe, ikawa inapasuka na kumwangukia Hulk, naye ameibeba mgongoni. Marvel walikubali mwili wote isipokuwa uso. Wakampa Marie Severin auchore upya.

Mwisho, rangi. Umetumia zote ulizonazo. Mtazame David Aja kwenye Hawkeye ya 2012: zambarau, nyeusi, nyeupe na kidogo sana cha kingine. Au Dave Johnson, aliyechora majalada yote 100 ya 100 Bullets. Kila moja lina wazo moja na rangi chache. Chagua rangi mbili unazozitaka na moja ya kupiga kelele. Nitumie tena ukishafanya hivyo, watu wakiwa wasiozidi watatu.

SWALI: Majalada haya ni mtaji? Ninunue niweke? — *Mjasiriamali*

JIBU: Mchoro halisi wa Frazetta, Egyptian Queen, uliopamba Eerie mwaka 1969, uliuzwa mnadani 2019 kwa dola milioni 5.4. Hiyo ni picha moja tu duniani. X-Men namba 1 ya 1991 ya Jim Lee ilitolewa na majalada matano tofauti, watu wakanunua yote wakaweka kabatini, na nakala zaidi ya milioni 8 zikatoka. Leo kila mtu anayo na hakuna anayeitaka. Nunua unalolipenda.

SWALI: Mzee, tumebishana mimi na rafiki yangu na tumeweka dau. Jalada la kwanza kabisa la Spider-Man, Amazing Fantasy namba 15 ya 1962: mimi nasema ni Jack Kirby, yeye anasema ni Steve Ditko. Nani anachukua? — *Wabishi Wawili*

JIBU: Ditko alichora jalada lake, likakataliwa. Kirby akachora lingine kwa penseli, ndilo lililochapwa, na aliyelitia wino juu ya penseli hiyo ni Ditko. Gawaneni dau.